Dau la soda bila ugomvi: mwongozo kamili wa kuwekeana na kumaliza ubishi wa mechi ya kwenye TV

Mechi imeisha, TV imezimwa, na watu wawili waliokaa benchi moja tangu jioni hawasemeshani. Kila mmoja anadai kreti ya soda, na kila mmoja ana mashahidi wake. Kesho yake ubishi unahamia kwenye grupu la WhatsApp, na ikifika Jumatatu kuna mtu amejitoa kwenye grupu.

Nimeulizwa namna ya kuamua visa vya aina hii mara nyingi mno, nikaona heri niandike yote mahali pamoja. Kijiweni kwetu mimi ndiye ninayeshikishwa madau. Nilichokiona miaka yote ni kwamba ugomvi wa dau huzaliwa kabla mpira haujaanza, pale watu wawili wanapopeana mikono juu ya neno moja lenye maana mbili. Ukilirekebisha neno hilo mapema, kazi iliyobaki ni ndogo.

## Vitu vya kuandaa kabla ya mechi

- Karatasi na kalamu, au grupu la WhatsApp ambalo wote wawili wamo.
- Shahidi mmoja ambaye hana dau kwenye mechi hiyo. Anaweza kuwa shabiki wa timu yoyote, mradi hatakunywa soda ya mshindi.
- Aina ya mechi: ni ya ligi, ya makundi, ya mtoano wa mechi moja, au ya nyumbani na ugenini? Hili watu wengi hawalijui wanapoweka dau, na ndilo linalowaponza.
- Mahali pa kusoma matokeo rasmi. Kwa ligi yetu ni taarifa ya Bodi ya Ligi au TFF, shirikisho la soka la Tanzania. Kwa mechi za Afrika ni CAF, shirikisho la soka la Afrika, na kwa Kombe la Dunia ni FIFA.
- Dau lenyewe, linalolipika.

## Hatua ya 1: Chagueni dau ambalo mshindwa atalilipa huku anacheka

Soda, chipsi mayai, kuvaa jezi ya mtani siku nzima, kuosha vyombo vya kijiwe. Hayo yanatosha. Mkianza kutajiana fedha mmetoka kwenye utani, na hapo mwongozo huu hauwezi kuwasaidia.

Kipimo changu ni hiki: muulize kila mmoja, "Ukishindwa leo usiku, utalipa kesho bila kukopa?" Akisita, punguzeni. Kreti nzima ya soda kwa kijana anayeishi kwa vibarua ni adhabu, na mtu anayeona ameadhibiwa hutafuta kila mwanya wa kukataa matokeo.

Tahadhari: kwa Waislamu wengi, dau ambalo mmoja anakula alichopoteza mwenzake ni kamari, hata ikiwa ni soda moja. Mwenzako akisema dini yake haimruhusu, usimbembeleze wala usimcheke. Bishaneni kwa maneno tu, na mechi itakuwa tamu vilevile. Watoto nao wasiingizwe kwenye madau.

Mtajua mmefanikiwa pale wote wawili wanapotaja dau bila kushusha sauti.

## Hatua ya 2: Hakikisheni mechi ni mbashara na itachezwa

Hili linaonekana dogo, lakini limeshawaliza watu. Stesheni hurudia mechi usiku wa manane na asubuhi, na neno "marudio" huwa limeandikwa pembeni kwa herufi ndogo au halipo kabisa. Mtu aliyekwisha kujua matokeo anakaa kimya, anamwachia mwenzake achague timu iliyofungwa, kisha anasema "tuwekeane". Huo ni wizi, na dau la namna hiyo halina malipo. Kabla ya kupeana mikono, fungueni ratiba mlinganishe tarehe na saa.

Pia ulizaneni: mechi ikiahirishwa, dau linahama nayo au linakufa? Dabi ya Kariakoo, yaani Simba na Yanga, imetufundisha hili zaidi ya mara moja. Ile ya tarehe 8 Mei 2021 haikuchezwa siku hiyo baada ya muda wa kuanza kusogezwa mbele, ikachezwa tarehe 3 Julai na Yanga wakashinda 1-0. Ile ya tarehe 8 Machi 2025 nayo iliahirishwa siku yenyewe, ikaja kuchezwa tarehe 25 Juni, Yanga wakashinda 2-0. Kati ya Machi na Juni kikosi hubadilika, majeruhi hupona, na upepo wa ligi hugeuka. Shabiki wa Simba aliyeweka dau la Machi ana haki ya kuuliza kama aliweka pia la Juni.

Pendekezo langu: mechi isipoanza siku iliyopangwa, dau linakufa. Mkitaka, wekeaneni upya.

## Hatua ya 3: Livunjeni neno "atashinda"

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Madau mengi yaliyovunjika mikononi mwangu yalivunjikia kwenye neno hili.

Chukueni fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 18 Desemba 2022. Baada ya dakika 90, Argentina 2, Ufaransa 2. Baada ya dakika 120, 3-3. Kwenye matuta, yaani penalti za kuamua mshindi, Argentina 4-2. Sasa mtu aliyesema "Argentina anashinda leo" alikuwa sahihi? Ukihesabu dakika 90, hakuna aliyeshinda. Ukihesabu 120, bado hakuna. Ukiuliza kombe limeenda wapi, limeenda Argentina. Swali ni moja na njia za kulijibu ni tatu, na kila njia ina mtu wa kuitetea mpaka alfajiri.

Kisa kilichoniuma zaidi ni cha nyumbani. Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika ya 2023 ilikuwa ya mechi mbili. USM Alger walishinda 2-1 Dar es Salaam tarehe 28 Mei. Tarehe 3 Juni, Yanga walikwenda Algiers wakashinda 1-0. Jumla 2-2, na kombe likabaki Algeria kwa kanuni ya goli la ugenini: jumla ikiwa sawa, anashinda aliyefunga magoli mengi zaidi ugenini. Kijiweni kwetu mmoja alikuwa amesema "Yanga anashinda fainali", mwenzake akasema "hashindi". Baada ya filimbi, wa kwanza akadai soda kwa sababu Yanga wameshinda mechi. Wa pili naye akadai, kwa sababu kombe halikuja Jangwani, makao ya Yanga. Wote wawili walikuwa wakweli. Hawakusalimiana kwa majuma mawili, na hao ni watu waliosoma darasa moja tangu la kwanza.

Kwa hiyo msitumie neno "atashinda" likiwa peke yake. Chagueni moja kati ya sentensi hizi tatu:

1. "Matokeo ya dakika 90, pamoja na zile za kibao." Maana yake mnahesabu mpaka mwisho wa kipindi cha pili, ikiwa ni pamoja na dakika anazoonyesha mwamuzi wa akiba. Sare ni jibu kamili hapa, kwa hiyo semeni sare inampa nani.
2. "Matokeo ya dakika 120, bila matuta." Hii itumike kwenye mtoano pekee.
3. "Nani anafuzu" au "nani anabeba kombe." Hapa haijalishi ni kwa dakika 90, 120, matuta au goli la ugenini.

Epukeni kusema "muda wa nyongeza". Wengine wakisikia hivyo wanafikiria zile dakika nne au tano za kibao, wengine wanafikiria zile 30 za ziada. Semeni 90 au 120 kwa namba.

Kama ni mechi mbili, semeni pia kama dau ni la mechi ya leo au la jumla. Goli la ugenini nalo mliangalie kwenye kanuni za mashindano husika, wala msibahatishe. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, iliiondoa kanuni hiyo kuanzia msimu wa 2021/22, ndiyo maana vijana wanaofuatilia Ulaya tu walishangaa kuona CAF inaitumia 2023.

Kipimo cha kufaulu: shahidi anauliza, "Ikiwa sare dakika ya 90, nani analipa?" na wote wawili wanajibu kitu kilekile bila kutazamana.

## Hatua ya 4: Madau ya mfungaji, kadi na idadi ya magoli

Haya yana mitego yake, ingawa ni michache.

Magoli: matuta hayahesabiwi kwenye idadi ya magoli ya mechi. Mechi ya 3-3 iliyokwenda matuta ina magoli sita, basi.

Mfungaji: amueni mapema kwamba goli la kujifunga halimhesabii mtu yeyote, na kwamba jina litakaloandikwa kwenye ripoti rasmi ndilo linalofuatwa, hata kama mchezaji mwingine ndiye aliyeshangilia. Tarehe 28 Novemba 2022, Ureno ikicheza na Uruguay, Cristiano Ronaldo alishangilia goli la kwanza kana kwamba ameligusa kwa kichwa. FIFA ikampa Bruno Fernandes, na kifaa kilichokuwa ndani ya mpira hakikuonyesha mguso wa Ronaldo. Aliyetoa soda yake dakika ile ile ya shangwe alilazimika kuidai tena.

Kadi: semeni kama njano ya pili inayozaa nyekundu mnaihesabu kadi moja, mbili au tatu. Semeni pia kama kadi za benchi zimo. Makocha nao huonyeshwa kadi siku hizi.

## Hatua ya 5: Pangeni litakalofanyika mechi ikivunjika

Mechi inaweza kuvunjika kwa mvua, kwa taa, kwa mashabiki, au timu moja ikigoma. Mfano ninaoutumia daima ni fainali ya marudiano ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Radès, Tunisia, tarehe 31 Mei 2019. Wydad ya Morocco walisawazisha, goli likakataliwa, wakataka VAR, yaani marudio ya video ya kumsaidia mwamuzi, itazamwe, kumbe VAR haifanyi kazi. Wakagoma kuendelea. Espérance wakakabidhiwa kombe usiku ule. Siku chache baadaye kamati ya utendaji ya CAF ikaamuru mechi irudiwe, kisha Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikaufuta uamuzi huo, na kombe likabaki kwa Espérance.

Sasa fikirieni kreti ya soda inayosubiri mahakama. Soda haiwezi kusubiri hivyo, na urafiki nao hauwezi. Kwa hiyo andikeni mstari mmoja: "Mechi ikivunjika kabla ya filimbi ya mwisho, dau limekufa. Ushindi wa mezani hauhesabiwi."

Mkitaka ushindi wa mezani, yaani unaotolewa na viongozi wa mashindano bila mpira kumalizwa uwanjani, uhesabiwe, ni haki yenu, lakini wekeni na siku ya mwisho ya kusubiri. Mimi huwapa watu siku saba, hazizidi.

## Hatua ya 6: Andikeni, msome kwa sauti, kila mmoja aseme "nakubali"

Maandishi yasizidi mistari sita. Huu ndio mfano ninaotumia, unaweza kuunakili:

"Mechi: Simba na Yanga, Jumamosi.
Dau: soda sita za baridi.
Swali: matokeo ya dakika 90 pamoja na za kibao.
Mimi nasema Simba, wewe unasema Yanga. Sare: hakuna anayelipa.
Ikiahirishwa au kuvunjika: dau limekufa.
Matokeo yanayofuatwa: ya Bodi ya Ligi. Malipo: kabla ya Jumatatu jioni."

Shahidi asome kwa sauti. Kusoma kimoyomoyo hakutoshi, kwa sababu kila mtu husoma anachotaka kukiona. Kila mmoja aandike "nakubali" kwenye grupu kabla mpira haujaanza, na saa itajiandika yenyewe. Atakayeandika baada ya goli la kwanza, neno lake halina uzito.

Tahadhari: usiandike kwenye ujumbe unaoweza kuhaririwa au kufutwa bila shahidi kupiga picha ya kioo. Rafiki yako si mwizi, sikatai. Lakini usiku wa kufungwa mtu hutenda mambo ambayo asubuhi anayajutia, na ni vizuri kumwondolea kishawishi.

## Hatua ya 7: Wakati mechi inaendelea

Msibadilishe dau. Kuna yule atakayesema dakika ya 70, "Basi tuongeze, nakupa na sare." Mkataeni. Makubaliano ya katikati ya kelele ndiyo yasiyokumbukwa vizuri.

Wekeni simu chini. TV ya kisimbuzi na mechi inayotazamwa kwenye simu haziendi pamoja. Kupitia intaneti, picha inaweza kuchelewa sekunde kadhaa, wakati mwingine nusu dakika au zaidi. Mwenye taarifa za magoli kwenye simu anaweza kujua penalti imeingia kabla hujaona mpigaji akirudi nyuma. Akipendekeza dau dogo la "penalti hii anakosa", tayari ana jibu mfukoni.

Na goli likifungwa, msilipane chochote mpaka mpira uanzwe tena katikati. Namba iliyo kwenye kona ya kioo huandikwa na mtu wa matangazo, na huweza kurudi nyuma VAR ikiingilia.

## Hatua ya 8: Filimbi ya mwisho

Shahidi asimame, asome swali lililoandikwa, kisha asome matokeo. Asianze na matokeo. Ukianza na matokeo, kila mtu analitengeneza swali upya kichwani mwake ili lilingane na anachokitaka.

Hapo litakuja jambo gumu kuliko yote: mwamuzi aliyekosea. Tarehe 5 Aprili 2024, Pretoria, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, shuti la Aziz Ki wa Yanga liligonga mwamba likadunda chini langoni mwa Mamelodi Sundowns. Goli halikutolewa. Mechi ikaisha 0-0 kama ile ya Dar es Salaam, na Sundowns wakapita kwa matuta 3-2. Wapo wanaoapa mpaka leo kwamba mpira ulivuka mstari. Sheria inataka mpira wote upite mstari wote, na hapo ndipo macho yanapogawanyika.

Msimamo wangu, na nimeusema mbele ya watu walionikasirikia: dau hufuata matokeo yaliyotangazwa, si yale yaliyostahili. Lipa soda, halafu endelea kulalamika. Unaweza kulalamika miaka kumi, na mimi nitakuunga mkono, lakini ukiwa umeshalipa. Tukianza kulipana kwa mechi iliyostahili, hakuna dau litakalokwisha.

## Kama mlishagombana na hamkuandika kitu

Wengi mnaosoma hapa mko kwenye hali hii. Fanyeni hivi.

Kwanza, msiamue usiku huo. Kalaleni. Anayeshangilia na aliyefungwa hawasikilizani, na grupu lenye watu arobaini linachochea tu.

Pili, tafuteni mtu mmoja, mtu mzima anayeheshimiwa na nyote, asikilize kila mmoja peke yake. Asiulize "nani alishinda?" Aulize, "Kabla ya mpira kuanza, ulisema maneno gani hasa?" Tafuteni ujumbe wa sauti wa siku ile, mara nyingi upo. Ujumbe wa kabla ya mechi unazidi kumbukumbu ya baada ya mechi.

Tatu, apime kama maneno hayo yalikuwa na maana moja tu. Mtu aliyesema "nani anafuzu" hawezi kugeuka akadai ni dakika 90. Huyo alipe.

Nne, kama maneno yalibeba maana mbili kwa haki, kama ile ya "anashinda fainali", dau limekufa. Hakuna aliyeshindwa. Hapa ninapenda kila mmoja amnunulie mwenzake soda moja, wanywe wakiwa wamekaa pamoja. Wale wawili wa kijiweni kwetu walimalizana hivyo, ingawa wa kwanza kununua alikuwa yule aliyeapa kwamba hatanunua.

Tano, aliyekosea kwenye maneno aombe radhi kwa maneno. Soda hailipii tusi. Kama ulimwita mwenzako tapeli mbele ya grupu, omba radhi kwenye grupu lile lile, kwa jina lake.

## Malipo

Lipeni ndani ya muda mlioandika. Deni la soda likikaa wiki tatu huanza kuitwa dharau. Mshindi naye akumbushe mara moja tu, tena faraghani.

Soda zikifika, shahidi aandike kwenye grupu, "Dau la Jumamosi limelipwa," na mistari ile sita ifungwe. Kama ni ya baridi kweli, anywe na shahidi, kwa sababu sasa hana tena la kuamua.